Nisage vipi pilipili kali zilizokauka bila nyumba nzima kukohoa?

Bustani_Ndogo:
Habari zenu wakuu. Nina pilipili kali, zile ndogo nyembamba, nimezianika zikakauka na sasa zimejaa beseni. Nataka kuzisaga mwenyewe nyumbani nipate unga wa kutumia jikoni na mwingine wa kuwagawia ndugu. Kinachonitia hofu ni vumbi lake. Tunaishi na mama mkwe ambaye ana pumu, na kuna mtoto anayetambaa. Kifaa nilichonacho ni blenda yenye kikombe kidogo cha kusagia vitu vikavu, hicho hicho tunachosagia kahawa.

Mbegu nizitoe au nisage nazo? Nitajuaje kwamba zimekauka vya kutosha? Na unga wenyewe nihifadhi vipi usigandamane wala kupauka? Wenye uzoefu naomba mniongoze.

Kinu_Kizito:
Mkuu, blenda ya nini? Chukua kinu na mchi. Funika mdomo wa kinu kwa kitambaa kilichotobolewa katikati, pitisha mchi hapo, twanga taratibu. Tia chumvi ya chenga kidogo, itasaidia kuvunja maganda. Vumbi halifiki mbali kama la mashine.

Fundi_Viungo:
Kinu ni kizuri kwa kiasi cha mkono mmoja, ila beseni zima, kaka, bega litakusimulia. Na hiyo chumvi itie tu kama unga utautumia upesi, kwa sababu chumvi huvuta unyevu na mwuliza swali analalamikia mgandamano.

Nianze na ukavu, maana hapo ndipo penye kazi yote. Chukua pilipili moja uikunje. Ikipinda kama ngozi, bado. Inatakiwa ivunjike kwa mlio, kikonyo nacho kikatike, na mbegu zicheze ndani ukiitikisa. Halafu pilipili iliyokwisha kauka vizuri hunyonya tena unyevu wa hewa ikikaa wazi, na beseni ni wazi. Kwa hiyo siku ya kusaga zirudishe juani, au kwenye oveni yenye nyuzi 60 hivi za Selsiasi, mlango ukiwa wazi kidogo ili mvuke utoke. Zikishaanza kuvunjika, ziache zipoe kabisa ndani ya chombo kilichofungwa. Zikisagwa zingali moto zinatoa mvuke ndani ya kikombe, unga unashika kwenye kuta na hapo ndipo madonge yanapozaliwa.

Kabla ya kusaga, toa vikonyo na upasue kila moja uone ndani. Pilipili inaweza kuwa nyekundu safi kwa nje na ndani imejaa ukungu wa kijivu au mweusi. Hiyo tupa yote, usikate upande mbovu ukaubakiza mzuri. Baadhi ya kuvu wa jamii ya Aspergillus hutoa sumukuvu, na moto wa jikoni hauiondoi. Najua inauma kutupa.

Sasa vumbi. Saga nje, na wewe simama upande unakotoka upepo. Vaa barakoa inayobana vizuri puani, miwani inayofunika hadi pembeni, na glavu. Jaza kikombe nusu tu. Bonyeza sekunde chache, achia, tikisa, bonyeza tena. Ukiishikilia mfululizo visu vinapata moto, unga unapata moto, mafuta ya mbegu yanatoka na harufu nzuri inapotea. Ukimaliza, USIFUNGUE. Weka chini dakika kumi vumbi litulie. Halafu funika juu kwa kitambaa kilicholoweshwa na kukamuliwa sana, ndipo ufungue polepole chini yake. Asilimia kubwa ya vilio vya pilipili hutokea kwenye ule mfuniko, watu wana haraka ya kuona.

Njegere:
Pilipili usiyoila yakuwashiani? Jirani yangu akisaga, nimepata jibu la hiyo methali 😂

Mama_wa_Mapacha:
Bustani_Ndogo, kwa mama mkwe usijaribu bahati. Siku hiyo aende kwa ndugu pamoja na mtoto, warudi ukishapanguza. Vumbi hilo laweza kumwamshia pumu hata kama yuko chumba kingine na mlango umefungwa. Usifagie, kufagia kunalirudisha hewani. Panguza meza na sakafu kwa kitambaa chenye maji na sabuni, ukianzia juu kushuka chini. Mtoto anayetambaa anaokota kila kitu kwa viganja na viganja vinaishia machoni. Nguo ulizosagia zivue kabla ya kumbeba.

Darubini:
Kuhusu mbegu, wengi hudhani ukali uko humo. Kapsaisini, ambayo ndiyo inayowasha, hutengenezwa zaidi kwenye ule utando mweupe unaoshikilia mbegu. Mbegu zinapata ukali kwa sababu zimegusana nao. Kwa hiyo ukizitoa mbegu ukaacha utando, unga bado utakuwa mkali. Ukitaka ukali upungue, kwangua utando.

Na kwa nini inaunguza bila moto? Kapsaisini hujishikiza kwenye kipokezi cha neva kiitwacho TRPV1, kile kile kinachouarifu ubongo kwamba umegusa joto la nyuzi 43 hivi na kuendelea. Aliyekigundua, David Julius, alipata nusu ya Tuzo ya Nobeli ya tiba mwaka 2021, na alikifikia kwa kutumia pilipili hiyo hiyo. Vipokezi hivyo viko puani, kooni na machoni pia, ndiyo maana vumbi kidogo tu linatosha kuwakohoza watu.

Fundi_Viungo:
Naongezea hapo. Mimi mbegu nazipunguza, sizimalizi. Ni za rangi ya njano, zikiwa nyingi unga unapoteza wekundu wake, na zina mafuta yanayochacha mapema. Pilipili ndogo ndogo kama zako kuzitoa mbegu moja moja ni adhabu. Vunja vipande, zungusha kwenye chekecho la matundu makubwa, zitakazodondoka zidondoke, zilizobaki saga.

Mvivu_wa_Jikoni:
Mimi huzigandisha kwanza kwenye friza ndipo nisage. Zikiwa baridi hazipati moto wa visu. Vipi wataalamu?

Fundi_Viungo:
Wazo lina mantiki, lakini ukizitoa friza na kuzifungua hapo hapo, umande wa hewa unazishika na ule ukavu ulioutafuta kwa jua unaondoka. Kama ni lazima, ziache ndani ya mfuko uliofungwa mpaka zirudi kwenye joto la kawaida. Na zikisharudi kwenye joto la kawaida, friza ilikuwa ya nini? Mimi naona kusaga kidogo kidogo kunatosha.

Bustani_Ndogo:
Asanteni sana, dada Mama_wa_Mapacha hasa kwa lile la nguo, sikuliwaza. Mama mkwe na mtoto wataenda kwa shemeji. Bado uhifadhi, na hiki kikombe cha kahawa nitakisafishaje? Pia ikiniingia jichoni nifanyeje? Nimesikia maziwa.

Mama_wa_Mapacha:
Maziwa ni ya mdomoni, protini yake huiondoa kapsaisini ulimini. Jichoni tumia maji safi mengi yanayotiririka, dakika 15, na kama unavaa lenzi zitoe kwanza kwa mikono iliyonawa. Maumivu yasipopungua nenda hospitali. Mikono ikiwasha, maji matupu hayasaidii sana kwa sababu kapsaisini haiyeyuki vizuri kwenye maji: paka mafuta ya kula, sugua, kisha osha kwa sabuni ya vyombo, rudia.

Fundi_Viungo:
Chekecha unga, chenga zilizobaki juu zirudishe kwenye kikombe. Ukishachekecha utandaze kwenye sinia upoe, ndipo utie kwenye chupa za kioo kavu zenye mfuniko unaobana. Weka kabatini, mbali na jiko. Mwanga na hewa ndivyo vinavyopausha ule wekundu, kwa hiyo chupa ndogo nyingi zilizojaa ni bora kuliko moja kubwa inayofunguliwa kila siku. Na usinyunyizie unga moja kwa moja kutoka kwenye chupa juu ya sufuria inayofuka. Mvuke unapanda ndani. Chota kwa kijiko kikavu. Kama unataka udumu zaidi, saga nusu tu ya beseni na nusu nyingine zihifadhi nzima, zinakaa na ladha kuliko unga.

Kikombe: saga mchele mkavu ndani yake, mwaga, rudia, kisha futa kwa kitambaa chenye mafuta na baadaye kingine chenye sabuni. Usikimwagie maji ya moto ukiwa umeinamia, ule mvuke utakupanda puani. Hata hivyo mpira wa mfuniko hushika harufu, kwa hiyo ukiweza nunua kikombe cha pili kiwe cha viungo tu.

Njegere:
Au ubaki na kahawa inayoamsha kweli kweli.