Chemba zinatapika kila mvua, na lawama zote anabebeshwa mama mwenye pampasi

Wakuu, hii kauli ya "wananchi acheni kutupa taka ngumu chooni" imenichosha. Pampasi na pedi zinaziba kweli, na zikifika kituo cha kusukuma zinajisokota kwenye feni ya pampu mpaka mota inaungua. Lakini bomba lililozibwa na taka linafurika hata kiangazi. Chemba inayotapika mvua inaponyesha tu, kisha ikatulia saa mbili baada ya mvua kukatika, haijaziba. Imezidiwa. Na imezidiwa kwa sababu kuna watu wameunga maji ya paa kwenye majitaka.

Pigeni hesabu. Paa la mita za mraba 200, mvua ya milimita 50: lita 10,000. Nyumba ya watu sita, kila mmoja lita 100 kwa siku, asilimia 80 ikirudi bombani: lita 480. Yaani mvua moja ya masika kwenye paa moja inaingiza majitaka ya siku 20 kwa mkupuo. Bomba la inchi sita la mtaani litayapeleka wapi? Yanatokea kwenye chemba iliyo chini kuliko zote, na mwenye nyumba ya hapo ndiye anayeamka na kinyesi sebuleni. Mvua njia yake ni mtaro. Mtaro umejaa mchanga na chupa, basi bosi anaita fundi, chemba inatobolewa usiku, biashara imeisha. Wengine hawahangaiki hata na fundi: uani kukijaa maji wanainua mfuniko, yanazama na mchanga wake wote, halafu huo mchanga unalala bombani.

Kuwabaini si kazi ngumu. Maji ya rangi ndoo mbili kwenye bomba la paa, mtu mwingine amesimama kwenye chemba ya chini iliyofunguliwa. Rangi ikitokea, ubishi umekwisha. Tatizo ni nani atagonga geti la ghorofa la mkubwa.

Sasa wenye hoteli na majiko ya chipsi. Ukiuliza mtego wa mafuta unaonyeshwa kidude cha plastiki cha lita 30 chini ya sinki. Hicho ni kiini macho. Jiko linalomwaga nusu lita kwa sekunde wakati wa kuosha vyombo linataka maji yatulie kama dakika 30 ili mafuta yapande juu. Hizo ni lita 900. Ndani kuwe na ukuta wa kugawa, na bomba la kutokea liwe na T ambayo mguu wake umeshuka karibu na sakafu, ili yatoke maji ya chini na mafuta yabaki. Fundi akiokoa hela ya T akaacha bomba wazi usawa wa maji, mafuta yanatoka kama yalivyoingia. Utando wa juu na tope la chini kwa pamoja vikifika robo ya kina, unakombwa, usisubiri harufu ifukuze wateja. Na mafuta yaliyokombwa yanakwenda kwenye pipa, SI kwenye chemba inayofuata!

Ule ujanja wa maji ya moto na sabuni ya unga unasafisha sinki lako tu. Mbele ya safari maji yanapoa, mafuta yanaganda ukutani mwa bomba, yanashikana na chokaa ya saruji na kuwa ukoko mgumu. Fito za kuzibulia zinatoboa tundu katikati, maji yanapita, picha zinapigwa, baada ya wiki chache mpo palepale.

Mafundi betri wanaomwaga asidi ya betri kwenye majitaka ndio hatari ambayo haizungumzwi. Majitaka yaliyokaa yana salfaidi. Kwenye pH 7 (kipimo cha asidi: namba ikishuka, asidi imeongezeka) karibu nusu yake iko katika hali ya gesi iliyoyeyuka, haidrojeni salfaidi; asidi ikiyashusha hadi pH 6 inafika kama asilimia 90, tayari kuruka. Gesi hiyo ikifika sehemu 100 kwa milioni pua inakufa ganzi, harufu haisikiki tena, na kijana aliyeshushwa chemba kwa kamba bila kipimo cha gesi anadhani pamekuwa salama.

Kenya waliandika viwango vya majitaka yanayoruhusiwa kuingia kwenye mtandao wa mabomba wa umma kwenye Kanuni za Ubora wa Maji za 2006: pH 6 hadi 9, BOD (oksijeni ambayo vijidudu wanaitumia kuvunja uchafu) miligramu 500 kwa lita, COD (oksijeni inayotakiwa kuuvunja kwa kemikali) 1,000, joto lisizidi nyuzi 35, mafuta miligramu 10 kwa lita, au 5 kama bomba linaishia kwenye mabwawa ya kusafishia majitaka. Hiyo 5 ina maana yake. Oili chafu ya gereji ikitanda juu ya bwawa inazuia mwanga, mwani haufanyi kazi, oksijeni inakata. Halafu huku Tanzania maji ya mabwawa kama ya Vingunguti, Dar es Salaam, yanayoishia Mto Msimbazi, yanadaiwa BOD 30 na COD 60 kwa TZS 860, kiwango cha taifa cha majitaka. Yatafikaje?

Kwa hiyo nauliza wahusika, na sitaki tangazo lingine la redioni: kwa mwaka huu mmefunua na kukagua mitego mingapi ya mafuta, mmemwaga rangi kwenye mapaa mangapi, na nani kakatiwa bomba? Wekeni orodha hadharani, mtaa kwa mtaa. Aliye ndani ya mfumo na anayo, aibandike hapa.