Askari kufanya kazi ya pili akiwa nje ya zamu: ipi inafaa hapa Tanga?

MamaKange:
Habari za leo wadau. Mume wangu ni koplo wa JWTZ, tunakaa Kange. Akitoka lindo anakuwa na siku nzima ya kupumzika kabla ya zamu nyingine, naye anataka kuutumia muda huo kuongeza kipato kabla ada za Januari hazijatufika. Anafikiria mambo matatu: bodaboda ya usiku, kulinda ghala la mtu kuanzia magharibi hadi asubuhi, au kufuga kuku wa nyama 100 hapa nyumbani. Lipi halitamwingiza matatani, na aanzie wapi?

Pongwe_Juu:
Shemeji, aanze na barua, tena kabla hajanunua hata msumari. Kutoka zamu hakumfanyi askari awe raia mpaka kesho yake. Akiitwa saa 8 usiku, anatakiwa kufika.

Barua iende kwa mkuu wa kikosi kupitia kwa wakubwa wake wa karibu, bila kuruka mtu. Aeleze kazi yenyewe, mahali, saa ngapi kwa wiki, na nani ataisimamia akiitwa ghafla. Hilo la mwisho ndilo litakalosomwa kwa makini zaidi. Aongeze kwamba hatatumia kombati, gari wala kifaa chochote cha jeshi. Jibu liwe la maandishi na abaki na nakala, kwa sababu mkuu akihamishwa, ruhusa ya mdomo inaondoka naye.

Msije mkaandika biashara kwa jina lako ili yeye akwepe kuomba ruhusa. Ukiisimamia wewe ni sawa kabisa, lakini kikosi kijue.

Dereva_Mabawa:
Ghala aliache. Zamu za ulinzi ni saa 12, asubuhi anatakiwa gwaride, na mwenye mali anamtaka kwa sababu ni mwanajeshi. Siku ukitokea wizi, swali la kwanza litakuwa askari alikuwa pale kwa amri ya nani.

Bodaboda ina hesabu yake. Leseni iwe na daraja la pikipiki. Bima iwe ya kubeba abiria kwa malipo. Pikipiki iliyokatiwa bima ya matumizi binafsi ikipata ajali na abiria, kampuni ina sababu ya kukataa kulipa. Kofia ngumu ziwe mbili. Ila tatizo kubwa ni usingizi. Mtu aliyekaa macho saa 17 mfululizo anachelewa kushika breki sawa na mwenye pombe ya asilimia 0.05 kwenye damu. Aliyeamka saa 11 alfajiri anafika hapo saa 4 usiku, wakati ndiyo kwanza abiria wa usiku wanaanza kutoka. Kama ni lazima, basi awe amelala mchana, na asiguse pikipiki usiku unaotangulia lindo.

BandaBora:
Mimi nasema kuku, kwa sababu ndiyo kazi pekee hapo inayoweza kuendelea bila yeye. Lakini vifaranga waagizwe kwa kufuata ratiba yake ya zamu. Siku 10 za kwanza zinahitaji watu wawili wa kupokezana usiku.

Kuku 100 wanataka mita za mraba 10. Kwa joto letu la Desemba hadi Machi weka 12 au 13. Wiki ya kwanza joto karibu na jiko la mkaa la kuwapasha vifaranga liwe nyuzi 32 hadi 35, kisha lishushe kama nyuzi 3 kila wiki. Waangalie wenyewe: wakirundikana karibu na jiko wanasikia baridi, wakijibana ukutani midomo wazi, wameungua. Pazia la banda lisizibe juu, moshi wa mkaa unaua kimya kimya.

Chakula ni kama mifuko 7 ya kilo 50 mpaka wiki ya 6. Fedha ya mifuko yote iwepo kabla vifaranga hawajaingia. Wengi wanaishiwa wiki ya 4, wanachanganya pumba, kuku wanadumaa. Tafuta wanunuzi mapema, hasa wauza chipsi, maana kila siku baada ya wiki ya 6 kuku anakula faida yako.

Chanjo: kideri siku ya 7, Gumboro (ugonjwa mwingine wa kuku) siku ya 14, kideri tena siku ya 21.

Pongwe_Juu:
La TRA msilisahau. TIN, yaani namba ya mlipakodi, ni bure. Kama tayari anayo isiyo ya biashara, asiombe ya pili, aende ibadilishwe.

MamaKange:
Asanteni sana, barua inaandikwa leo. BandaBora, chanjo nitaichanganya mwenyewe kama yeye yuko lindo. Maji ya bomba yanafaa?

BandaBora:
Yakiwa na klorini yanaiua chanjo, dada, na hutaona dalili yoyote mpaka ugonjwa uingie. Kinga maji jioni, yalale wazi kwenye ndoo ya plastiki. Asubuhi weka gramu 2.5 za maziwa ya unga yasiyo na mafuta kwa kila lita, koroga, subiri dakika 20, ndipo utie chanjo. Wanyime maji saa moja kabla, waimalize ndani ya saa mbili. Kutoka dukani ibebe kwenye barafu, hata kama ni Ngamiani tu mpaka Kange.