Kadi ya rambirambi kwa familia ya askari: nitie saini au nisitie?

Kutoka: Mama wa Kireka

Ndugu zangu Wakenya na Watanzania mlioko Kampala, Entebbe na Masaka, salaam. Wazee, shikamooni.

Naomba ushauri juu ya jambo ambalo napaswa kulitolea jibu kabla ya Jumamosi. Kijana wa mwenye nyumba wetu, askari wa UPDF, yaani jeshi la Uganda, ameuawa akiwa kazini Somalia. Mwili umekwisha kufikishwa Entebbe, na mazishi yatakuwa kijijini kwao, upande wa Luweero. Mwenyekiti wa LC1, baraza la kijiji, alipita nyumba kwa nyumba akikusanya mabugo, yaani mchango wa rambirambi, nami nilitoa bila kusita, kwa kuwa wazazi hao wametutendea wema tangu tuhamie hapa. Ugumu uko kwenye kadi. Wapangaji tumeombwa tutie saini kadi itakayosomwa mbele ya waombolezaji, na ndani yake imeandikwa kwamba marehemu amefia vita vya haki ambavyo sisi sote tunaviunga mkono. Mimi siviungi mkono. Uganda ilipeleka majeshi Mogadishu Machi 2007, kwa idhini ya Baraza la Usalama iliyokuwa ya miezi 6 tu, na tangu hapo ujumbe huo wa Umoja wa Afrika umebadilishwa jina kutoka AMISOM kuwa ATMIS mwaka 2022 na AUSSOM mwaka 2025, lakini sijasikia mtu akieleza waziwazi ni kwa dalili gani kazi hiyo itahesabiwa kuwa imekwisha.

Mume wangu anasema nitie saini, kwa sababu mgeni hana haki ya kuleta ubishi katika msiba wa wenyeji. Binti yetu anasema kutia saini nisichokiamini ni kusema uongo juu ya jeneza la mtu. Ninyi mliokaa Uganda muda mrefu mnafanyaje?


Kutoka: Dada wa Ntinda

Dada yangu, poleni kwa msiba. Mdogo wangu yumo katika Jeshi la Ulinzi la Kenya (KDF) na amewahi kupelekwa Somalia, kwa hiyo nakujibu kama mtu wa familia ya askari, si kama mwanasiasa.

Kwanza, tusisahau ni nani anayeamua. Katiba ya Uganda, katika ibara ya 210, inalipa Bunge jukumu la kutunga sheria inayosimamia upelekaji wa majeshi nje ya nchi, lakini askari walikwisha kuwa Sudan Kusini Desemba 2013 wakati Bunge lilipoketi kuidhinisha safari yao Januari 2014. Ikiwa hata wabunge huulizwa baada ya jambo kutendeka, kijana aliyetoka kambi ya mafunzo ya Singo akapandishwa ndege hawezi kubebeshwa lawama za uamuzi huo. Wengi wao huenda pia kwa sababu ya posho. Katika miaka ya AMISOM, Umoja wa Ulaya ulikuwa ukilipia dola 1,028 kwa askari mmoja kwa mwezi, na serikali zilizopeleka majeshi zilikata takriban dola 200 kabla fedha haijamfikia mwenyewe. Mwaka 2016 Ulaya ilipunguza mchango wake kwa asilimia 20, na malipo yalizoea kuchelewa kwa miezi. Sijui ni wangapi kati ya wale wanaoandika kadi kama hiyo ya kwenu waliowahi kulipigia kelele jambo hilo, na nakiri kwamba hapa nasema kwa uchungu kidogo.

Pili, na hili ndilo ningependa binti yako alisikie, anayehoji vita anaweza kumfaa askari kuliko anayevisifu. Kambi ya KDF ya El Adde, Somalia, iliposhambuliwa Januari 2016, serikali ya Kenya haikutangaza idadi rasmi ya waliouawa. Kwa muda wote ule sisi wenye ndugu jeshini tuliambiwa tuwe wazalendo, maana yake tunyamaze, huku tukipigiana simu usiku kuulizana ni kikosi gani kilikuwa pale. Waliotusaidia walikuwa ni waandishi na wanasheria waliouliza maswali, ambao baadhi yao walikuwa wamepinga kuingia Somalia tangu Oktoba 2011. Kwa upande wa Uganda, kambi yake ya Buulo Mareer huko Somalia iliposhambuliwa Mei 2023, Rais Museveni mwenyewe alisema hadharani kwamba waliouawa ni 54. Habari ilikuwa nzito, lakini angalau mzazi alijua anachokililia.

Hata hivyo, usidhani kwamba vita hivyo viko mbali na watu wa Kampala. Mnamo tarehe 11 Julai 2010, watu zaidi ya 70 waliuawa kwa mabomu katika klabu ya raga ya Kyadondo na katika mkahawa wa Kihabeshi huko Kabalagala, wakitazama fainali ya Kombe la Dunia, na al-Shabaab, kundi ambalo majeshi hayo yanapigana nalo, walisema walilipiza kisasi kwa kuwa Uganda ina majeshi Somalia. Kuna aliyepoteza mtu siku hiyo akaona sababu ya kubaki huko mpaka mwisho, na kuna aliyeona sababu ya kurudi nyumbani kesho yake. Wote wawili wanaweza kuwa wameketi mkeka mmoja kwenye mazishi hayo, na kadi yenu inawasemea kana kwamba wana fikra moja.

Ushauri wangu ni huu: andika kadi yako. Mtaje marehemu kwa jina, wataje wazazi wake, eleza mlivyoishi naye uani na alichowahi kuwatendea ninyi au watoto wenu, kisha tia saini yako kwa mkono thabiti. Vita usivitaje kwa sifa wala kwa lawama. Mzazi anataka kusikia kwamba mwanawe alijulikana, na sijaona msiba ambapo kadi ya namna hiyo ilikataliwa.


Kutoka: Fundi wa Ndeeba

Kwa heshima zote kwa Dada wa Ntinda, mimi simtengi askari na vita vyake kwa wepesi huo. UPDF ni jeshi la kujiunga kwa hiari, na vijana hupanga foleni siku ya usajili. Agosti 2021, huko Golweyn katika Shabelle ya Chini, askari wa Uganda waliwaua raia 7, na mahakama ya kijeshi iliyoketi Mogadishu iliwahukumu wawili kifo na watatu kifungo cha miaka 39 kila mmoja. Nani aliwapelekea mabugo wale wa Golweyn? Jambo la pili ni la fedha. Umoja wa Afrika umeweka fidia ya dola 50,000 kwa askari aliyefia katika ujumbe huo. Kila tunapochanga ili kuziba pengo la fidia iliyokwama, tunaipunguzia serikali aibu ya kuchelewa. Msiba nitahudhuria, ila mchango wangu safari hii ningependa upelekwe mahali pengine.


Kutoka: Mzee wa Masaka

Marahaba, wanangu. Nimesoma yote, na Fundi amenilazimisha niandike.

Mimi ni Mtanzania ninayeishi Masaka, mji ambao jeshi letu la wananchi liliupiga mizinga mwaka 1979 hadi sehemu kubwa ikawa kifusi, kwa hasira ya yale ambayo askari wa Amin walikuwa wameyatenda Kagera kuanzia Oktoba 1978. Jirani yangu mmoja, bibi mzee, akisikia Kiswahili changu huniita mkombozi, kwa kuwa hivyo ndivyo Waganda walivyowaita askari wetu walioingia Kampala tarehe 11 Aprili 1979. Jirani mwingine, ambaye duka la baba yake liliangukia katika mizinga ile, hunisalimu vizuri lakini hajawahi kuniita hivyo, nami sikumtarajia aniite. Wote wawili wanawazungumzia askari walewale wa siku zilezile.

Vita ile nayo ilibishaniwa. Hakuna Mtanzania niliyemsikia akipinga kumfukuza Amin kutoka Kagera, lakini kuvuka mpaka na kwenda hadi Kampala lilikuwa suala jingine, na katika mkutano wa wakuu wa nchi za Afrika uliofanyika Monrovia Julai 1979 Mwalimu Nyerere alilaumiwa waziwazi kwa hatua hiyo. Nyumbani tulikaa miaka mingi tukilipa gharama yake madukani, na walikuwepo walionung'unika kwamba tulikwenda mbali mno. Pamoja na hayo, kila tarehe 25 Julai tunawakumbuka mashujaa, na askari waliozikwa Kaboya, Muleba, hawapangwi kwa kuulizwa nani alikubali kuvuka mpaka na nani alinung'unika njiani.

Fundi, swali lako la Golweyn ni la haki, na hukumu ile ya Mogadishu ilikuwa heshima kwa askari ambao hawakuua raia, kwa sababu iliwatofautisha na waliofanya hivyo. Ila usimhukumu marehemu huyu kwa kosa ambalo hakuna aliyesema kwamba alilitenda. Ukitaka kuwachangia raia wa Somalia walioumizwa, tangaza mchango huo hapa nami nitatoa, wala sitakuomba uufute ule wa Kireka.


Kutoka: Dada wa Ntinda

Asante, Mzee wetu. Kuhusu fedha nakubaliana na Fundi kwa nusu. Fidia ni deni la serikali na la Umoja wa Afrika, na sisi tusijaribu kulilipa kwa niaba yao. Lakini ili mjane adai haki hiyo na asimamie mali aliyoiacha mumewe, anahitaji cheti cha kifo kutoka NIRA (mamlaka ya vitambulisho na usajili), barua ya LC1, na kibali cha ofisi ya Msimamizi Mkuu wa Mirathi kabla ya kufika mahakamani, na kila hatua ina nauli, fotokopi na siku nzima ya foleni. Sheria ya mirathi iliyorekebishwa mwaka 2022 inampa mjane asilimia 20 na watoto asilimia 75 ya mali pale ambapo hapakuwa na wosia, lakini shemeji wengine huizungumzia kana kwamba haipo. Napendekeza mchango wetu utengwe kwa ajili ya safari hizo, na mmoja wetu anayejua ofisi za mjini aandamane na mjane. Pia aulizwe kama marehemu alikuwa na akiba katika Wazalendo, chama cha akiba na mikopo cha wanajeshi, kwa maana familia nyingi hukumbuka mshahara na kusahau akiba.


Kutoka: Katibu

Ndugu wanachama, pendekezo la Dada wa Ntinda limepata watu wa kutosha, na mchango utapokelewa kwa simu kupitia kwa mweka hazina hadi Ijumaa jioni. Fundi ataandaa mchango wake tofauti na kutuletea maelezo.

Kwa watakaokwenda Luweero: msiwavalishe watoto nguo za mabaka ya kijeshi hata kama ni za mtumba, kwa sababu raia hukamatwa kwa kuzivaa. Msipige picha za askari wala magari yao. Yawezekana zikapigwa risasi za heshima kaburini, kwa hiyo waelezeni watoto mapema. Mazungumzo haya tuyaache humu. Kibali cha kuishi hapa ni mali ya kutunzwa, na mazishi ya mtu si mahali pa kusahihisha sera ya nchi yake.


Kutoka: Mama wa Kireka

Nawashukuru nyote. Niliandika kadi yangu jana na kumpelekea baba wa marehemu kabla ya kuitia katika bahasha, ili asije akashtukia jambo mbele ya watu. Niliandika juu ya pampu ya maji ya uani ambayo kijana alikuwa akiitengeneza kila alipokuja likizo. Mzee aliisoma, akaniuliza kwa nini sikutia saini ile nyingine, nami nikamwambia kwamba sikubaliani na vita vile lakini nilimpenda mwanawe. Alinijibu kwamba nyumbani kwake pia hawakubaliani, yeye na mama wa kijana, tangu siku kijana alipoondoka. Ameomba kadi isomwe kwa Kiswahili, kwa kuwa watakuja wenzake kutoka kambini Bombo na wote watakielewa.

Mume wangu amekodi taksi ya abiria 14 na bado kuna nafasi 5. Tutaondoka Kireka Jumamosi saa 12 asubuhi na kupitia Kawempe. Anayetaka nafasi aniandikie leo, na wa Entebbe waseme kama watahitaji mahali pa kulala Ijumaa.