Rangi ya kawaida, jeli ya taa au kucha za kubandika: ipi inafaa ukijipaka mwenyewe nyumbani?

BintiSakina (Arusha)

Habari za jioni wapendwa. Mdogo wangu ana sendofu Moshi mwezi wa kumi na mbili, na sisi dada zake tumekubaliana kucha tujipake wenyewe nyumbani. Tuko sita pamoja na bibi harusi, na kupanga foleni saluni siku moja na kusuka na vipodozi ni kutafuta kuchelewa. Kazi ya kujaribu nimeachiwa mimi. Nimejaribu njia tatu tangu Agosti, naweka hapa nilichokiona ili mniongezee.

Kwanza mjue mikono yangu inafanya kazi gani. Nafua kwa mkono mara mbili kwa wiki, vyombo kila siku, na Jumamosi namenya ndizi za familia nzima.

Rangi ya kawaida: chupa nilinunua soko la Kilombero hapa Arusha kwa 2,000, na topu, ile isiyo na rangi ya kumalizia, 2,500. Mara ya kwanza ilibanduka siku ya pili, nikailaumu rangi. Baadaye nikagundua kosa lilikuwa la maji. Nilikuwa naloweka vidole kwenye beseni la maji ya uvuguvugu kwanza, kama tulivyozoea kuona saluni. Kucha inakunywa maji na kutanuka kidogo. Ukiipaka ikiwa hivyo, ikishakauka inarudi kwenye umbo lake na rangi inaachia. Sasa nalainisha ngozi kwa mafuta ya nazi, nasukuma kile kingozi cha mwanzo wa kucha kwa kijiti bila kukikata, nanawa kwa sabuni, nakaa nusu saa, kisha nafuta kila kucha kwa pamba yenye asetoni kidogo, ile ya kufutia rangi, ili mafuta yaishe kabisa. Hapo ndipo napaka beisi, ile inayotangulia chini ya rangi, kisha rangi mara mbili, halafu topu, na kila mara burashi inapita pia kwenye ncha, ule ukingo wenyewe. Chupa ile ile ya 2,000 ikakaa siku sita. Siku ya saba ikameguka kidole cha shahada cha kulia, ambacho ndicho kinachosugua kola za mashati.

Jeli: seti yenye taa ndogo ya kuchomeka kwenye chaja ilinigharimu 35,000. Ilikaa siku kumi na tano, inang'aa kama siku ya kwanza. Shida ilikuja wakati wa kuitoa. Nilikuwa na haraka, nikaikwangua kwa msasa na kisha kwa ncha ya mkasi, na tabaka la juu la kucha zangu likatoka nayo. Kucha ya mkono inakua kama milimita 3 kwa mwezi, kwa hiyo mpaka leo nabeba sehemu laini inayopinda nikishika ndoo.

Za kubandika: boksi 5,000. Ni nzuri sana kwenye picha, lakini nilipofua tu nikazikuta mbili chini ya beseni.

Mimi naelekea kwenye rangi ya kawaida. Rangi gani hasa, bado sijaamua. Vitenge vyetu ni kijani cha mgomba na maua ya njano.

FundiKucha_Mbuyuni (Moshi)

Dada hongera kwa subira, na hilo la kutoloweka mikono umelipata sawasawa. Wateja wengi wanadhani fundi asiyeleta beseni ni mvivu.

Kwenye jeli umepita haraka mno, wakati ndiyo inayoweza kumuumiza mtu akiwa peke yake nyumbani. Jeli haikauki kwa hewa kama rangi ya kawaida. Inageuka kuwa ngumu kwa mwanga wa taa, na taa yenyewe lazima iendane na jeli hiyo. Kwa taa nzuri ya LED kila tabaka ni sekunde 30 hadi 60, na zile taa za zamani za UV ni kama dakika mbili. Vile vitaa vidogo vingine vina mwanga hafifu. Juu inaonekana imekauka, chini bado mbichi. Na jeli mbichi ikigusa ngozi mara kwa mara ndipo mzio unapoanza. Vidole vinawasha, vinavimba, ngozi inapasuka pembeni ya kucha. Kemikali inayotajwa zaidi hapo inaitwa HEMA. Mwili ukishaikataa hausahau, na ndugu zake zimo hata kwenye baadhi ya vifaa vya kuzibia meno, kwa hiyo ukienda kwa daktari wa meno miaka kumi baadaye jambo linaweza kukufuata.

Kwa hiyo ukipaka jeli mwenyewe, acha uwazi mwembamba kama uzi kati ya jeli na ngozi. Ikigusa ngozi, futa kabla hujaweka mkono kwenye taa. Soma pia kilichoandikwa kwenye boksi. Umoja wa Ulaya ulipiga marufuku kiambato kinachoitwa TPO kwenye vipodozi kuanzia tarehe 1 Septemba 2025, kwa sababu kimewekwa kwenye kundi la kemikali zinazoweza kudhuru uzazi. Mimi nimeshaanza kuagiza zisizo nacho.

Kuitoa: kwangua ule mng'ao wa juu tu, weka pamba yenye asetoni juu ya kucha, funga na karatasi ya foili, subiri dakika 10 hadi 15. Isipotoka kwa kusukumwa na kijiti, irudishe kwenye foili. Usishindane nayo kwa mkasi.

BintiMachame

Mimi nina neno kwenye ndizi, kwa sababu huku kwetu mtori na machalari si vya Jumamosi tu. Utomvu wa ndizi mbichi unaingia pembeni mwa kucha na kuwa mweusi, na rangi nyepesi kama ya maziwa au pinki ya kufifia inaonekana chafu siku hiyo hiyo hata kama haijameguka. Nipakapo rangi nyepesi napaka mafuta ya kupikia vidoleni kabla ya kumenya, utomvu unakosa pa kushika. Binzari nayo ni adui wa rangi nyeupe, hasa jeli. Niliwahi kupika pilau na kucha nyeupe, jioni zilikuwa na unjano ambao sabuni haikuuondoa.

Ndiyo maana miaka yote mimi ni wa damu ya mzee. Inaficha kazi.

KakaWaKikapu (Arusha)

Dada zangu, mimi natembea na kikapu cha rangi Sanawari, Mianzini mpaka Sakina, huenda hata tumeshapishana. Kupaka kwangu kunaanzia 1,000 mkono mmoja. Nitazungumzia rangi ya kawaida kwa sababu ndiyo naijua.

Watu wa Arusha mwezi wa sita na wa saba wananiambia rangi zangu hazikauki. Rangi inakauka kwa kile kimiminika chake kupaa hewani, na kwenye baridi kinapaa polepole. Arusha tuko kama mita 1,400 kutoka usawa wa bahari, Moshi mjini hawafiki 1,000, na kule joto linawasaidia. Nikipeleka kikapu Moshi nafanya wateja watatu kwa muda wa wateja wawili wa huku. Kwa hiyo dada ukijaribu Sakina, ukaenda kupakia Moshi, utaona tofauti, na ni tofauti nzuri.

Tabaka nyembamba mbili zinazidi nene moja kila wakati. Ile nene inakauka juu, chini inabaki kama uji, ukilala asubuhi unakuta alama za shuka. Kuingiza vidole kwenye maji baridi kunagandisha juu tu, ndani bado. Kati ya tabaka na tabaka mimi nahesabu dakika tatu, baridi ikiwepo tano.

Chupa ikianza kuwa nzito, usitie asetoni. Inalainika siku hiyo, lakini rangi inaharibika, inapoteza mng'ao na kumeguka upesi. Kuna dawa yake ya kuyeyushia, tone mbili tatu zinatosha. Na chupa izungushe kati ya viganja badala ya kuitikisa, kuitikisa kunaleta mapovu ambayo yanabaki kwenye kucha.

Ummu_Majengo (Moshi)

Assalaam aleykum. Naona hakuna aliyetaja hina, na kwenye shughuli za huku kwetu hina ndiyo inaanza. Kwa sisi tunaoswali, rangi ya kucha inazuia maji ya udhu yasifike, iwe ya chupa au ya jeli, kwa hiyo inapakwa siku ambazo mtu haswali au inatolewa kabla ya udhu. Hina haizuii maji kwa sababu inaingia kwenye kucha yenyewe, haikai juu kama ngozi ya pili. Na kwenye kucha inadumu kuliko kwenye ngozi, inatoka kwa kukua tu. BintiSakina, kama kuna mgeni au wifi Mwislamu kwenye wale sita, msimsahau.

Ninachoomba ni kwamba mtumie hina ya majani, ile inayotoa rangi ya chungwa mpaka kahawia. Ile nyeusi ya haraka mara nyingi imechanganywa na rangi ya kupaka nywele, na inaweza kuunguza ngozi mpaka ikabaki alama. Nimeona mkono wa bibi harusi umetoka malengelenge siku ya ndoa, nililia naye.

NesiRau

Shikamoo mama Ummu, asante kwa hilo, tunawapokea wa hina nyeusi kila msimu wa harusi.

Nitaongeza mawili ya upande wetu. Kile kipimo cha kubana kidoleni cha kupima oksijeni kinapitisha mwanga kwenye kucha, na rangi nzito, hasa nyeusi, bluu na kijani, zinaweza kuvuruga namba. Mkiwa na mtu wa kufanyiwa upasuaji au mjamzito aliyekaribia, mwacheni walau kidole kimoja kila mkono bila rangi wala jeli. La pili, jeli au kucha ya kubandika ikiinuka upande mmoja, msiirudishie gundi. Maji yanakaa chini yake, bakteria wanaitwa Pseudomonas wanapenda hapo, na kucha inageuka kijani. Toa yote, kausha, acha ipumzike.

Na gundi ya dukani ya kushika papo hapo (supa gluu), ile ya kugundishia viatu na vyombo, isitumike kabisa kubandika kucha. Ikigusa pamba au nguo ya pamba inapata moto ghafla na kuunguza. Asetoni nayo ikae mbali na jiko la mkaa, mvuke wake unashika moto.

BintiSakina

Asanteni sana, nimejifunza mengi kuliko niliyoleta. Ummu, wifi yetu mmoja ni wa Majengo na kweli nilikuwa nimemsahau. Nitampigia leo.

Sasa matokeo ya rangi. Sikutaka kupaka na kufuta, asetoni ingenimaliza kucha zilizobaki. Nilichukua chupa tupu ya maji ya kunywa, ile angavu, nikakata vipande vidogo vya umbo la kucha, nikapaka kila rangi tabaka mbili kwenye kipande chake. Tabaka moja inadanganya, rangi inaonekana nyepesi kuliko itakavyokuwa. Vikishakauka unaweka kipande juu ya kucha yako na kutoka nje nacho. Chini ya taa ya duka zote zilikuwa nzuri. Uani saa nne asubuhi hadithi ikabadilika.

Pinki ya kufifia ilifanya vidole vyangu vionekane vina majivu. Mimi ni mweusi wa kung'aa, na rangi zilizochanganywa nyeupe nyingi zinakaa juu ya mkono kama chokaa. Mdogo wetu wa mwisho ambaye ni maji ya kunde ilimpendeza kidogo, si sana. Dhahabu iliwaka vizuri kwangu, lakini ukiweka kando ya maua ya njano ya kitenge zinapigana. Damu ya mzee, BintiMachame nakupa heshima yako, ilikubali kwa sote sita na juu ya kile kijani inakuwa kama ua kwenye jani. Kipande cha kahawia ya kahawa iliyokaangwa nacho kilinigusa moyo, nimekihifadhi kwa ajili ya Krismasi.

Kwa hiyo ni damu ya mzee kwa sisi watano. Bibi harusi mwenyewe anataka jeli kwa kuwa anasafiri wiki mbili baada ya harusi. Fundi wa Mbuyuni, taa yangu ya 35,000 niiamini kwa ajili yake?

FundiKucha_Mbuyuni (Moshi)

Kwa bibi harusi usiamini. Mlete kwangu au kwa fundi yeyote mwenye taa kubwa, apakwe siku mbili kabla, si siku ile ile, ili kama kuna kidole kinachowasha kionekane mapema. Mwambie apake losheni ya kuzuia jua mikononi kabla ya kuingia kwenye taa, au avae glavu zilizokatwa ncha.

Ninyi watano jipakeni usiku wa kuamkia sendofu, mapema, mara baada ya vyombo kuisha. Saa mbili usiku anzeni, na saa nne mnaweza kulala bila alama za shuka.

KakaWaKikapu (Arusha)

Na mbebe chupa mbili za damu ya mzee kutoka dukani kwa siku moja, mzifungue zote na kulinganisha. Jina moja, kiwanda kimoja, lakini chupa mbili zinaweza kupishana wekundu. Mkipishana mtaona kwenye picha mtakapoweka mikono pamoja.

BintiSakina

Hilo sikulijua kabisa. Kesho nashuka Kilombero.