Gasketi na bushi zinatofautianaje? Fundi kaniambia vyote vimekufa

dereva_wa_mbagala:
Wakuu habari zenu, naombeni msaada. Nina IST, juzi nimeipeleka gereji maana nikipita kwenye matuta mbele kulia inagonga ko ko ko, na asubuhi nakuta matone ya oili pale nilipopaki. Fundi kaingia chini katoka anasema gasketi imekufa na bushi ya wishboni, ule mkono wa chuma unaoshika tairi kwa chini, nayo imekufa, nilete hela ya vyote viwili. Nikamuuliza si vyote ni mipira tu, akasema we lete hela kazi nifanye. Sasa gasketi ni ipi na bushi ni ipi, na kweli vinaweza kufa kwa pamoja au ndo napigwa?

spana_namba_kumi:
Mkuu hivyo ni vitu viwili tofauti kabisa. Gasketi inakaa katikati ya vyuma viwili vilivyofungwa bolti na havitakiwi kucheza hata kidogo, kazi yake ni kuziba tu, oili isitoke, maji yasitoke, presha isitoke. Bushi inakaa pale ambapo chuma kimoja lazima kicheze, inabeba mzigo na kumeza mtikisiko ili chuma kisisage chuma. Ndo maana gasketi ikifa unaona kitu kinavuja, bushi ikifa unasikia kugonga au usukani unavuta upande. Wewe una dalili zote mbili kwa hiyo fundi hajakudanganya, ila angekuelewesha.

Na usiangalie mpira. Gasketi ya silinda hedi, yaani kichwa cha injini kinachokaa juu ya bloku, kwa injini nyingi za siku hizi ni bati nyembamba za chuma zimepangwa moja juu ya nyingine, na kuna bushi za shaba hazina mpira hata chembe, ukifungua stata nyingi, ile mota ya kuwashia injini, unazikuta zimeshika shafti.

mama_wawili_tabata:
Kaka muulize GASKETI GANI kabla hujatoa hela!! Mimi niliambiwa "gasketi" hivyo hivyo nikadhani kitu kidogo kumbe ni ya hedi, hela yake sio ya mchezo. Ya hedi ikifa oili inakuwa kama chai ya maziwa, moshi mweupe nyuma, maji ya rejeta yanaisha na chini huoni tone. Na ikishushwa usikubali hedi irudishwe bila kupimwa kama imepinda, kitabu cha 1NZ, injini ya IST, kinataka upande unaokaa kwenye bloku usipinde zaidi ya 0.05 mm. Fundi wangu hakupima, baada ya wiki tatu tukafungua tena.

fundi_mstaafu:
Kijana, matone ya oili bila chai ya maziwa naanza kushuku gasketi ya tapeti kava, ule mpira mrefu unaozunguka kifuniko cha juu ya injini. Kwa joto la miaka unakauka unakuwa mgumu kama plastiki, ukiukunja unakatika. Oili inateremka upande wa kulia wa injini, kwenye cheni yake, inafika chini inadondokea wishboni ya kulia. Sasa hapa ndo watu wengi hawajui, mpira wa bushi na oili ni maadui, unavimba, unalainika, ukiubonyeza kwa bisibisi unaingia kama sabuni iliyolowa, baadaye unaachana na chuma chake. Kwa hiyo sio ajabu vife pamoja, kimoja kinaweza kuwa kimemuua mwenzake. Chukua tochi uangalie bushi ya kulia na ya kushoto, ulete jibu hapa.

dereva_wa_mbagala:
Shikamoo mzee, nimeangalia sasa hivi kwa tochi ya simu. Ya kushoto kavu ina vumbi tu, ya kulia imelowa inang'aa na mpira umechanika nusu duara mpaka chuma cha ndani kinaonekana kimeegemea upande mmoja. Na juu kuzunguka kile kifuniko kuna oili imeganda na vumbi jeusi. Dipstiki nimechomoa, oili ni nyeusi ya kawaida haina maziwa.

fundi_mstaafu:
Marahaba. Basi anza na gasketi ya tapeti kava, ukianza na bushi mpya utailowesha tena. Mwambie asijaze silikoni kuzunguka kava lote, vipande vinadondoka ndani vinakwenda kuziba chujio la oili kwenye sampu, lile bakuli la oili chini ya injini, apake kidogo tu kwenye kona pale kava la cheni linapokutana na hedi. Zile bolti za namba 10 azikaze kwa zamu na mkono mwepesi. Aoshe injini, utembee siku mbili tatu uone kama pako pakavu.

Bushi zibadilishwe kulia na kushoto, zipigwe kwa presi sio nyundo. Halafu bolti ya wishboni ikazwe mwisho gari likiwa limekaa kwenye matairi yake, sio likiwa juu ya jeki, maana ukikaza wakati tairi linaning'inia, gari likishuka mpira unabaki umejisokota muda wote na hautamaliza mwaka. Simama hapo hapo uone wakifanya hilo. Ukitoka hapo nenda kwenye alaimenti, wanyooshe matairi.