Mrejesho: Moduli ya mawasiliano ya pampu, Jinja

Ndugu wataalamu, niliuliza kwa nini moduli ya Modbus RTU (mfumo wa vifaa vya kiwandani kubadilishana data kwa waya) tuliyofunga kwenye PLC (kompyuta ndogo inayoendesha mitambo) ya pampu za kiwanda chetu hapa Jinja, Uganda, ilikuwa ikipoteza mawasiliano kila mota kubwa ilipowashwa. Tulizima umeme, tukapima ukinzani kati ya nyaya A na B (jozi inayobeba data), tukapata takriban omu 120 badala ya 60, ishara kwamba rezista ya mwisho wa laini (ya omu 120, inayotakiwa kila ncha ili mawimbi ya data yasirudi nyuma) ilikuwapo upande mmoja tu. Baada ya kufunga ya pili na kuutenga waya wa RS-485 (huo wa data) na nyaya za mota, mawasiliano yametulia kabisa, hata pampu zote zinapofanya kazi pamoja. Namshukuru hasa aliyesisitiza tupime kwanza, kwa kuwa moduli mpya ingelazimika kuagizwa kutoka nje.