Naomba ushauri: gemu zinajifunga kwenye kompyuta mpya
Wakuu, mashine ni mpya: RAM DDR5 GB 32, vipande viwili, tundu la 2 na la 4 kama kitabu cha mazabodi (bodi kuu) kinavyotaka. Gemu nzito zinajifunga baada ya dakika 10 hadi 20, zinarudi deskitopu bila ujumbe wowote. Kompyuta yenyewe haizimi. Joto si tatizo, prosesa haivuki nyuzi 72. Draiva za kadi ya picha nimezifuta kwa DDU (programu ya kufuta draiva kabisa) nikaweka upya, wapi! Nikizima EXPO (mpangilio wa kuiongezea RAM kasi) kwenye BIOS (programu ya mipangilio ya mazabodi), kasi ya RAM ikashuka kutoka 6000 hadi 4800, nacheza saa 3 bila shida. Ajabu, MemTest86 (programu ya kupima RAM) ilipita raundi 4 bila kosa, EXPO ikiwa imewashwa. Nisasishe BIOS kwanza, au nijaribu RAM kwa kasi ya 5600?